Jina la Mayinga na daftari letu la sabuni



Juma lililopita, katika mkutano wetu wa siku ya tano, kulitokea maneno. Wengi mlikuwepo. Kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia, nieleze kwa ufupi. Kuna mama wa kikundi chetu ambaye alitufundisha kupika sabuni ya mafuta ya mawese tangu tulipokuwa kumi na wawili tu. Vipimo vya soda kostiki alivijaribu kwake nyumbani, hata akaungua mkono. Baadaye tukaalikwa kwenye semina moja, akaenda mwingine kwa sababu anasema Kifaransa vizuri. Akaeleza, akapigwa picha, akapewa cheti. Katika karatasi iliyotoka baada ya semina, jina la yule aliyetufundisha halimo. Mama mwenyewe hakutukana wala hakulia. Alisema tu: «Siombi makuta. Ninaomba muandike ya kama ni mimi.»

Tulitawanyika bila kumaliza neno. Nilipofika nyumbani nilimkuta binti yangu na karatasi zake juu ya meza, taa ya sola ikiwa karibu kuzimika. Yuko mwaka wa sita, upande wa biolojia na kemia, na mwalimu amewaambia kila mmoja achague mtaalamu wa Kongo aeleze kazi yake mbele ya darasa: amesoma wapi, amegundua nini, ameandika nini, na maandishi yake yametajwa na wengine kiasi gani. Yeye amemchagua Profesa Jean-Jacques Muyembe. Akaniuliza, «Mama, kutajwa ndiyo nini? Na kwa nini watu wanakuhesabu?»

Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimetoka kusikia swali hilo hilo, likiwa na harufu ya sabuni.

Basi juma hili sitaandika juu ya bei ya sombe. Nitawaeleza yale tuliyosoma pamoja, mimi na binti, kwa siku tatu.

Profesa Muyembe alizaliwa mwaka 1942 upande wa Bandundu, mtoto wa wakulima. Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, akamaliza mwaka 1969, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, kusoma habari za virusi. Wenzake wengi wa wakati ule walibaki Ulaya. Yeye alirudi, na labo aliyoikuta nyumbani haikuwa na vyombo vingi.

Septemba 1976 alitumwa Yambuku, katika msitu wa Équateur, kwenye hospitali ya misioni ambamo watu walikuwa wanakufa na hakuna aliyejua sababu. Yeye alidhani ni tifoidi. Alipima wagonjwa na kutoa damu mikono mitupu, bila glavu, kwa sababu glavu hazikuwepo. Alieleza baadaye kwamba alipochomoa sindano damu haikukoma, ilimwagikia vidole. Alinawa kwa maji na sabuni. Sisi tuliopika sabuni miaka yote hii, hapo tulisimama kidogo, binti na mimi, tukatazamana.

Mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa alikubali kusafiri naye hadi Kinshasa. Akafia huko. Damu iliyotoka kwa wagonjwa wale ilipelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai, kisha Uingereza na Marekani, na huko ndiko wataalamu walikoona kirusi kipya chenye umbo la uzi uliojikunja. Wakakipa jina la mto Ebola. Katika Yambuku waliugua watu 318, wakafa 280. Sindano za hospitali zilikuwa chache na zilirudiwa toka mgonjwa hadi mgonjwa, na wengi walioambukizwa hivyo walikuwa wanawake wajawazito waliokuja kwa konsultasio. Walikuja kulinda mimba.

Sasa angalieni. Tarehe 12 Machi 1977 jarida la The Lancet la Uingereza lilitoa makala tatu za kwanza juu ya kirusi hicho: moja ya Wabelgiji, moja ya Waingereza, moja ya Wamarekani. Katika orodha za waandishi wa makala hizo, jina Muyembe halimo. Yeye ndiye aliyeingia katika nyumba ile, akashika mikono ile, akarudi na mgonjwa. Sitaki kusema waliiba. Waliokaa mbele ya darubini walifanya kazi kubwa na ya hatari. Lakini kwa miaka mingi, mtu akiuliza nani aligundua Ebola, alitajiwa majina ya Ulaya peke yake, na watoto wetu wakajifunza hivyo.

Kutajwa ni hivi. Mtaalamu akimaliza uchunguzi anaandika makala. Atakayekuja baada yake, akitumia jambo lile, analazimika kuandika chini: hili nimelipata kwa fulani, mwaka fulani. Ni sawa na mama anayeuza maandazi Lumumba kusema mbele ya wateja, «Unga huu kuchanganya hivi alinionyesha mama wa Mudzipela.» Kila anayesema hivyo ni alama moja kwa mama wa Mudzipela. Alama hizo zinahesabiwa na mashine, na vyuo vikuu na wafadhili wanazitazama kabla ya kutoa kazi au fedha.

Kuna na kipimo kimoja ambacho mwalimu wa binti alikitaja, kilichotungwa mwaka 2005 na mtaalamu wa fizikia anayeitwa Hirsch. Kama una makala kumi, na kila moja katika hizo imetajwa mara kumi au zaidi, kipimo chako ni 10. Ukiwa na makala moja iliyotajwa mara elfu na nyingine ambazo hazikutajwa kamwe, kipimo chako ni 1. Kwa hiyo hakimsifu aliyesema mara moja akanyamaza, wala yule anayesema kila siku bila mtu kumsikiliza. Binti alikipenda. Mimi nilimwambia kina tundu: hakioni mfanya usafi wa labo, hakimwoni muuguzi aliyeshika mkono wa mgonjwa, na makala ya Kifaransa hailingani na ya Kiingereza mbele yake, maana wasomaji wa Kiingereza ni wengi. Akaniambia nimeanza tena.

Pia, ndani ya makala moja majina yana mpangilio. Wa kwanza ni yule aliyebeba kazi yenyewe. Wa mwisho ni mkubwa wa nyumba, aliyeongoza na kujibu kwa ajili ya wote. Walio katikati walisaidia, kila mmoja kwa sehemu yake. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Waliugua watu 315. Muyembe, akiwa sasa na jina nchini, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitambua. Hapo Wakongo walifanya jambo ambalo wageni hawakulipenda: walichukua damu ya watu waliopona wakawaongezea wagonjwa wanane. Saba walipona. Wazungu walisema hao pengine wangepona hata bila damu, kwani hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Ni neno la haki, na mwaka 2015 kule Guinea walipojaribu plasma ya waliopona kwa wagonjwa 84 hawakuona faida ya wazi. Lakini makala ya Kikwit iliandikwa. Ilitoka mwaka 1999, jina la kwanza likiwa la Kapay Mupapa, munganga Mkongo, na kila mara dunia ilipofikiria tena damu ya waliopona, hata wakati wa Korona, wataalamu waliirudia. Kutajwa si kusifiwa tu. Hata anayekupinga analazimika kukutaja, ndiyo maana ni lazima kuandika.

Muyembe hakuliacha wazo lile. Aliwaza: kama damu ya aliyepona ina kitu kinachopigana, kitu hicho kinaweza kutolewa peke yake? Miaka kumi na mmoja baada ya Kikwit, mtu aliyepona kule alitoa tena damu yake, na askari wa damu walikuwa bado humo. Mwanamke mtaalamu aliyefanya kazi katika labo za serikali ya Marekani, anayeitwa Nancy Sullivan, na wenzake walitafuta kati ya chembe za damu hiyo moja yenye kutengeneza askari hodari, wakaisoma herufi zake, wakaweza kumtengeneza askari yule kwa wingi. Hiyo ndiyo biolojia ya molekuli, mama zangu: kusoma maandishi madogo ambayo mwili unafuata unapojijenga, kama vile kusoma nakala ya mshono ili kushona kanzu elfu. Askari huyo aliitwa mAb114. Makala yake ilitoka katika jarida la Science mwaka 2016, na safari hii jina la Muyembe lilikuwa ndani.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa ukatangazwa upande wetu. Hapa sina haja ya kuwakumbusha mengi. Ndoo za maji ya klori mlangoni, kipima joto kwenye paji la uso, kuacha kupeana mikono kanisani. Mandima, Mambasa, Komanda, mpaka hapa Bunia. Hadi tarehe 25 Juni 2020 ulipotangazwa umekwisha, watu 3.470 walikuwa wameugua Kivu ya Kaskazini, Ituri na kidogo Kivu ya Kusini, na 2.287 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake na wasichana. Nani anayelaza mtoto mwenye homa kifuani? Nani anayeosha maiti ya mama mkwe?

Mnakumbuka pia yale yaliyosemwa sokoni: imeletwa na fulani, ni biashara, imetoka Équateur ndani ya ndege. Kweli, Équateur palikuwa na Ebola mwaka ule ule, na ilitangazwa kwisha tarehe 24 Julai, siku nane tu kabla ya yetu. Wataalamu wa INRB, akina Placide Mbala na Steve Ahuka, walisoma herufi za kirusi, karibu elfu kumi na tisa, wakazilinganisha. Hazikuwa za kirusi cha Équateur. Kilikuwa kingine, kilichoingia kwa watu upya, kutoka msituni. Kama kartie zetu zingepata habari hiyo kwa lugha yetu na kwa wakati, nadhani mawe machache zaidi yangetupwa kwa magari ya waganga. Hilo ni wazo langu.

Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliingizwa, wakiwemo watoto na wajawazito. Hakuna aliyechaguliwa kwa uso. Ilikuwa ni kura. Kwa dawa iitwayo ZMapp, karibu nusu walikufa. Remdesivir, zaidi kidogo ya nusu. Kwa mAb114, ile ya damu ya Kikwit, walikufa 35 katika mia, na kwa nyingine iitwayo REGN-EB3, 33 au 34 katika mia. Na nisikilizeni hapa, maana hili ni la nyumbani kuliko yote: kati ya waliofika wakiwa na virusi vichache bado damuni, wakapewa mojawapo ya hizo mbili nzuri, karibu tisa katika kumi walipona. Virusi huongezeka kila siku mgonjwa anayofichwa chumbani. Agosti 2019 uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati ili wagonjwa wote wapewe hizo mbili tu.

Makala ilitoka mwaka ule ule katika New England Journal of Medicine. Nimewaambia mkumbuke mpangilio wa majina. La kwanza ni Sabue Mulangu, Mkongo, wa INRB. La pili ni Lori Dodd, mwanamke Mmarekani aliyesimamia hesabu. La mwisho, mahali pa mkubwa wa nyumba, ni Jean-Jacques Muyembe-Tamfum. Tangu hapo makala hiyo imetajwa zaidi ya mara elfu moja. Kutoka 1977 hadi 2019 ni miaka arobaini na miwili. Binti yangu alichora mstari kwenye karatasi yake, akaandika mwaka ule upande huu na mwaka huu upande ule, wala hakuongeza neno.

Mwaka 2019 huo mzee alikataa jambo lingine. Alisema damu ya wagonjwa wetu haitatoka tena nchini kama ile ya chupa ya chai. Itakaa Kinshasa, na mgeni anayetaka kuichunguza aje tuchunguze pamoja. Februari 2020 INRB ilifungua jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani. Nisiwafiche lakini kwamba dawa yenyewe, ambayo Marekani iliipa ruhusa Desemba 2020 kwa jina la Ebanga, akiba yake kubwa imewekwa Marekani. Jina limerudi nyumbani kabla ya chupa za dawa.

Jambo jingine linalotuhusu. Chanjo iliyotolewa tangu Agosti 2018 haikutolewa mwanzoni kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Walisema haijajulikana kama ni salama kwa mtoto. Mama alisimama kwenye mstari pamoja na mume na wakwe, wote wakachomwa, yeye akarudishwa, naye ndiye aliyekuwa anamhudumia mgonjwa. Kati ya mwaka 2019 ndipo walipoanza kuruhusiwa. Nilimuuliza binti kwa nini dawa zilijaribiwa kwa wajawazito na chanjo ikawakataa. Alifikiri, akasema, «Labda hapakuwa na mama mezani walipopanga.» Sijui kama ni hivyo. Wanawake walikuwepo, kama mlivyoona. Lakini nililiandika.

Nimefika kwa Mayinga.

Mayinga N'Seka alikuwa muuguzi kijana wa hospitali ya Ngaliema, Kinshasa, mwaka 1976. Yule mtawa aliyeletwa kutoka Yambuku, yeye ni mmoja wa waliomhudumia. Akaambukizwa. Inasemwa alikuwa katika mipango ya kwenda kusoma ng'ambo, na kwamba hata homa ilipoanza alikuwa akizunguka mjini kwa ajili ya karatasi za safari. Alikufa Oktoba. Kirusi kilichotolewa katika damu yake kikawekwa kwenye barafu, kikapewa jina lake. Tangu siku ile, labo za dunia nzima zinapotaka kusema Ebola ipi wanaifanyia kazi, wengi wanaandika: Mayinga. Ndiyo kielelezo ambacho nyingine zinalinganishwa nacho. Moja ya chanjo mbili, ile iliyoletwa Goma mwishoni mwa 2019, imejengwa kwa sehemu juu ya kipande cha kirusi hicho.

Sidhani kuna mwanamke wa Kongo ambaye jina lake limeandikwa mara nyingi kuliko lake katika vitabu vya sayansi. Na hakuna mashine inayomhesabia hata alama moja. Yeye si mwandishi, kwa mashine. Ni jina la chupa. Wengi wanaoliandika huko Boston au Hamburg pengine hawajui kwamba lilikuwa jina la dada wa watu, mwenye valizi iliyokwisha kufungwa nusu.

Hapo ndipo binti aliponyamaza muda mrefu. Shemeji yangu alikuwa amekuja kula, akasema kwa upole, maana ni mtu mwema, kwamba msichana akimaliza Exetat aende tu uuguzi Nyankunde, miaka michache, apate kazi. Hayo ya kukaa labo miaka kumi ili jina liandikwe chini ya karatasi ni ya watu wenye baba tajiri. Binti hakumjibu, alikuwa bado anaandika. Mimi nilisema, «Shemeji, Mayinga alikuwa muuguzi.» Sijui nilitaka kusema nini. Kwamba uuguzi ni mkubwa? Kwamba hautoshi? Yote mawili, nafikiri. Makuta ya chuo kikuu sina, hilo naye analijua. Tutaona baada ya mtihani.

Alieleza kazi yake siku ya pili. Amepata 16 kwa 20. Mwalimu alimkata kwa kupitisha dakika, kwa sababu ya Mayinga ambaye hakuwa ameombwa.

Na daftari letu. Siku ya posho tulikwenda wanne nyumbani kwa mama yetu wa sabuni, pamoja na yule aliyekwenda semina, ambaye aliomba radhi mwenyewe kabla hajaketi. Tulikuwa tumebeba daftari ili tuandike kwenye ukurasa wa kwanza: nani alianza, mwaka gani, nani aliyemsaidia kuchemsha, nani aliyepeleka mbele ya watu. Tukamsomea yaliyokuwa yameandikwa tayari na yaliyokuwa kwenye karatasi ya semina. Akasikiliza hadi kwenye kipimo cha soda, akatusimamisha kwa ule mkono wenye alama.

«Hapana,» akasema. «Hapo mmekosea. Na hii ndiyo mliyopeleka semina?»

Ndiyo hiyo. Kwa hiyo walio na karatasi ya semina wasipike kwanza. Kipimo cha kweli amekiandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mkono wake, na jina lake chini. Liko kwa katibu, njooni mkinakili.